Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: Tupunguzieni dawa ya wasiwasi taratibu, msitukatie

Kwa Mganga Mfawidhi na Kamati ya Dawa na Tiba,
Hospitali ninakotibiwa,
Mkoa wa Tabora.

19 Septemba 2025

Ndugu Mganga Mfawidhi,

YAH: WAZEE WALIOTUMIA DIAZEPAM MIAKA MINGI KUKATIWA DAWA HIYO GHAFLA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa miaka 73, mstaafu, niliyekuwa karani wa hesabu katika reli. Sikupenda barua hii isomwe na watu wengine kabla yako. Ya kwanza niliileta kwa mkono mwezi Aprili, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili niliitumbukiza katika sanduku la maoni mwezi Juni. Mwezi Julai nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi yako tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, nikaambiwa kwamba jambo langu litafanyiwa kazi. Miezi miwili imepita na sijapata jibu, si la kukubali wala la kukataa. Ndiyo sababu naandika hadharani. Jina la hospitali silitaji, wala jina la mtumishi yeyote, kwa kuwa wengi wao wamenihudumia kwa moyo na shida ninayoileta haikuanzishwa na mtu mmoja.

Nieleze kwanza ilivyoanza. Mwaka 2006 nilifiwa na mume wangu. Usingizi ukanipotea, moyo ukawa unanienda mbio bila sababu, na nikashindwa hata kujumlisha safu moja ya tarakimu kazini. Daktari aliyeniona wakati huo aliniandikia diazepam miligramu 5 usiku, kwa wiki mbili. Dawa ilinisaidia, nami sitamlaumu kwa kunionea huruma. Lakini wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, dozi ikapanda hadi miligramu 10, na kila nilipofika dirishani cheti kiliandikwa upya bila mtu kuniuliza kama bado naihitaji. Hivyo ndivyo miaka 19 ilivyopita.

Mwezi Februari mwaka huu nilipewa vidonge kama kawaida. Niliporudi mwezi Machi nilikuta tangazo limebandikwa kwenye dirisha la dawa, kwamba diazepam haitatolewa tena kwa wagonjwa wa nje wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Kidonge changu cha mwisho nilikimeza usiku wa tarehe 11 Machi. Siku nne za kwanza sikuona tofauti kubwa, nikajipa moyo. Siku ya tano mikono ilianza kutetemeka hata nikashindwa kushika kikombe. Kuanzia siku ya sita sikulala kabisa, mashuka yalilowa jasho, na sauti ya sufuria jikoni ilinipiga kichwani kama nyundo. Asubuhi ya siku ya tisa, nikiwa nasonga uji, mwili ulikakamaa, nikaanguka nikitikisika mbele ya mjukuu wangu wa miaka 11. Nilivunjika kifundo cha mkono wa kushoto na nililazwa siku nne. Sijawahi kuwa na kifafa, na hakuna mwenye kifafa katika ukoo wetu.

Sasa naomba nieleze malalamiko yangu moja baada ya jingine.

1. Dawa ilikatwa kwa siku moja baada ya miaka 19. Hili ndilo kubwa, na mengine yote yanatokana nalo. Nataka ieleweke kwamba sipingi lengo la tangazo lenu. Najua kwamba diazepam na jamaa zake, kama lorazepam na alprazolam, huwaangusha wazee, huwavunja mifupa ya nyonga, huwapunguzia kumbukumbu na kuwachanganya akili. Vigezo vya dawa zisizowafaa wazee, ambavyo daktari Mark Beers na wenzake waliviandaa Marekani mwaka 1991 na ambavyo vimehuishwa mara kadhaa, mara ya mwisho mwaka 2023, vinashauri kundi hili liepukwe kwa watu wenye miaka 65 na zaidi. Mimi mwenyewe niliteleza bafuni mwaka 2023, na nimeshasahau majina ya watu niliofanya nao kazi miaka 20. Nataka kuiacha dawa hii kuliko mtu yeyote anavyotaka niiache. Lakini kutomwanzishia mzee dawa ni jambo moja, na kumnyang'anya mzee ambaye ubongo wake umeizoea ni jambo lingine kabisa. Dawa hii huipa nguvu kemikali ya ubongo inayotuliza mishipa ya fahamu. Ikitumiwa kila siku kwa muda mrefu, ubongo hujirekebisha na kupunguza utulivu wake wenyewe. Dawa ikiondolewa ghafla, hakuna kinachobaki cha kuutuliza, na hapo ndipo hutokea mitetemo, kuchanganyikiwa na kifafa. Mwezi Septemba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo hilo liandikwe ndani ya kisanduku kwenye maelezo ya dawa zote za kundi hili, kwamba kuziacha ghafla au kuzipunguza haraka mno kunaweza kuhatarisha maisha. Nilifanya kazi relini miaka 30, na hakuna dereva wa treni ya mizigo anayeshika breki akiwa ameshafika mbele ya jengo la stesheni.

2. Nilipoanguka, niliambiwa kwamba haiwezi kuwa dawa. Tabibu aliyenipokea alisema kuwa siku tisa ni nyingi, na kwamba kama ni dawa ningeugua siku ya pili au ya tatu. Alisema kwa nia njema, lakini alikosea, na kosa hilo linaweza kumgharimu mgonjwa mwingine uhai. Katika mwili wa kijana nusu ya diazepam huweza kuondoka ndani ya siku moja au mbili. Katika mwili wa mzee wa rika langu huweza kuchukua siku tatu hadi nne, na ini hutengeneza kutokana nayo masalia yenye nguvu ya dawa ambayo hukaa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mzee huonekana mzima siku za mwanzo, ndugu zake hushukuru kwamba ameweza, na shida huja wakati kila mtu ameshaacha kumwangalia. Daktari wa zamu ya usiku ndiye aliyeuliza nilikuwa natumia nini, akanirudishia dozi yangu, na mitetemo ikatulia.

3. Nilipotoka wodini faili langu liliandikwa maneno mawili tu, "apunguze taratibu", bila kusema kiasi gani, kila baada ya siku ngapi, wala nani atanifuatilia. Tangu hapo nimeonwa na watu watano tofauti. Mmoja alisema nikate nusu mara moja. Mmoja alisema kwa umri wangu nisihangaike, niendelee hadi mwisho wa maisha. Wa tatu aliniuliza, mbele ya wagonjwa wengine, kama mimi ni teja. Neno hilo sijalisahau. Sijawahi kumeza hata kidonge kimoja zaidi ya nilichoandikiwa, wala kuficha, wala kununua kwa mlango wa nyuma, ingawa mpwa wangu alinieleza mahali vinapouzwa. Mwili unaoitegemea dawa kwa sababu iliandikwa na daktari kila mwezi ni tofauti na uraibu wa mtu anayetafuta kulewa, na mtumishi wa afya anapochanganya mambo hayo mawili, mzee huona aibu na kunyamaza, kisha huacha dawa kimyakimya nyumbani peke yake, jambo ambalo ndilo la hatari kuliko yote.

4. Vidonge vilivyopo haviruhusu kupunguza taratibu. Naomba hapa mniruhusu nizungumze kama karani wa hesabu. Dirisha lenu lina kidonge cha miligramu 5 peke yake. Kidonge hicho kikikatwa katikati, hatua ndogo kabisa ninayoweza kushuka ni miligramu 2.5. Kutoka 10 kwenda 7.5 ni kupungua kwa robo. Kutoka 7.5 kwenda 5 ni theluthi. Kutoka 5 kwenda 2.5 ni nusu, na kutoka 2.5 kwenda sifuri ni dawa yote iliyobaki. Yaani kadiri ninavyokaribia mwisho, ambapo mwili unahitaji hatua ndogo zaidi, ndivyo hatua zinavyokuwa kubwa. Mwongozo wa pamoja uliotolewa Marekani mwaka 2025 na vyama vya kitaaluma vya madaktari unashauri kuanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 kila baada ya wiki mbili hadi nne, na kwa kawaida kutovuka asilimia 25 ndani ya wiki mbili. Mimi nilifika 7.5 mwezi Mei kwa taabu. Mwezi Juni nilijaribu 5, nikadumu usiku tatu bila kulala, mitetemo ikarudi, nikaogopa kuanguka tena mbele ya mtoto, nikapanda tena hadi 7.5. Nipo hapo mpaka leo. Kama ningekuwa na vidonge vya miligramu 2, ningeshuka kutoka 10 kwenda 9, kisha 8, kisha 7, kwa kuunganisha kimoja cha 5 na viwili vya 2, au kimoja cha 5 na kimoja na nusu cha 2, na kuendelea hivyo. Dawa hii pia hutengenezwa ya maji, yenye miligramu 2 katika mililita 5, ambayo mtu huipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano na kushuka kwa kiasi kidogo kuliko kidonge chochote. Nimeuliza vyote viwili dirishani. Nimejibiwa kwamba havijaagizwa kwa sababu hakuna anayeviulizia.

5. Badala ya diazepam niliandikiwa amitriptyline ili nilale. Kinywa kilikauka hata nikashindwa kumeza ugali, mkojo ukawa mgumu kutoka, na nilipoinuka kitandani niliona giza. Dawa hiyo nayo imo katika vigezo vilevile vya dawa za kuepukwa na wazee. Sioni tumefanya nini.

Najua majibu ambayo naweza kupewa, kwa kuwa baadhi nimeshayasikia.

Mtasema watumishi ni wachache na hawawezi kumfuatilia mzee mmoja kwa miezi kumi. Nakubali ni wachache, foleni naiona. Lakini kulazwa kwangu siku nne, picha za mkono, bandeji ngumu na kliniki ya mifupa mara tatu vilichukua saa nyingi za watumishi haohao kuliko ambazo zingetumika kuniandikia ratiba ya ukurasa mmoja. Na kazi hii haihitaji daktari bingwa. Katika jimbo la Québec nchini Kanada watafiti waliwapa wazee wa miaka 65 hadi 95, waliokuwa wakitumia dawa hizi kwa muda mrefu, kijitabu kilichoeleza hatari zake na kuonyesha kwa picha namna ya kupunguza hatua kwa hatua, wakiwatumia wafamasia wa maduka 30 ya dawa. Matokeo yalitolewa mwaka 2014. Baada ya miezi sita, wazee 27 katika kila 100 waliopata kijitabu walikuwa wameacha kabisa, ilhali kati ya wasiokipata walioacha walikuwa 5 katika 100. Wale ni wazee kama sisi. Walichoongezewa ni maelezo tu.

Mtasema diazepam ni dawa inayodhibitiwa kisheria. Ni kweli, imo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Lakini udhibiti huo umewekwa ili dawa isiangukie mikono isiyostahili, na mkataba wenyewe unaruhusu matumizi ya tiba. Ratiba yenye tarehe, kiasi na sahihi ni udhibiti mzuri kuliko cheti kilichoandikwa upya kwa miaka 19 bila swali. Tena mzee aliyekatiwa hospitalini huweza kupelekwa na shida kwenye duka la dawa lisilouliza cheti, na huko hakuna anayehesabu.

Mtasema pia kwamba elimu hii ni mpya. Hapana. Nchini Uingereza kamati ya usalama wa dawa ilionya mwaka 1988 kwamba dawa hizi zitumike wiki mbili hadi nne tu. Onyo hilo lilikuwa na miaka 18 siku niliyoandikiwa kidonge changu cha kwanza. Na mjini Newcastle Profesa Heather Ashton aliendesha kliniki ya kuwatoa watu katika dawa hizi tangu 1982 hadi 1994. Aliwapunguzia kidogokidogo, takriban sehemu moja ya kumi ya dozi kila wiki moja au mbili, na alimwachia mgonjwa mwenyewe aongoze mwendo. Mwanangu, ambaye ni muuguzi Dar es Salaam, ndiye aliyenisomea habari za kliniki hiyo kwenye simu, na nilipozisikia nililia, kwa sababu nilitambua kwamba yaliyonipata yalikuwa yanajulikana na yalikuwa yanazuilika.

Jibu ambalo linaniumiza zaidi ni lile la upole, kwamba kwa umri wangu niachwe tu na vidonge vyangu. Nina miaka 73. Mama yangu aliishi hadi 91. Nikijaliwa miaka kama yake, nataka niiishi nikiwa na kumbukumbu zangu na miguu yangu. Wapo wazee ambao kwao kupunguza hakutafaa, wenye kifafa kwa mfano, na hao waamuliwe kwa hali zao. Lakini mzee aulizwe anataka nini kabla ya kuamuliwa.

Ninachokiomba ni hiki. Kwanza, tangazo lililo dirishani libadilishwe leo, liseme kwamba mzee anayeitumia diazepam kila siku asiache ghafla bali aonane na daktari, na dirisha liendelee kumpa dozi yake mpaka atakapokuwa na ratiba. Hili halihitaji fedha, linahitaji karatasi na gundi. Pili, kila mzee wa namna hiyo aandikiwe ratiba kwenye faili na kwenye daftari lake, ikionyesha kiasi na tarehe, ili mtumishi yeyote atakayemwona aifuate badala ya kuanza upya. Ratiba hiyo imruhusu mgonjwa kusimama kwenye hatua moja kwa wiki kadhaa mwili unapokataa, bila kuhesabiwa kwamba ameshindwa. Tatu, vidonge vya miligramu 2 viingizwe katika maombi yenu yajayo ya dawa, na kama dawa ya maji inaweza kupatikana, iombwe pia. Nne, mtumishi mmoja wa kliniki ya afya ya akili, hata akiwa muuguzi, awe ndiye wa kuulizwa, na awe na siku inayojulikana. Tano, na hili nawaombea wenzangu kuliko nafsi yangu, vitazamwe vyeti vya diazepam vya wagonjwa wa nje vya mwezi Februari, watafutwe wazee waliokuwamo ambao hawakurudi tena. Mimi nawafahamu wawili. Mmoja, babu aliyekuwa akikaa nami kwenye benchi la dirisha la wazee, nimeambiwa amehamishiwa kwa bintiye Nzega akiwa haongei sawasawa. Sijui kama ni dawa. Nadhani ni haki yake mtu ajue.

Dirisha la wazee limetupunguzia foleni, na kwa hilo tunawashukuru kwa dhati. Katika jambo hili moja, hata hivyo, tunaomba polepole.

Nimeambatanisha nakala ya kurasa 14 za daftari langu, zenye dozi ya kila usiku, saa za kulala na hali ya mikono asubuhi, kuanzia tarehe 11 Machi hadi jana. Tarehe ya kliniki yangu ni Jumatano, 1 Oktoba. Nimebakiwa na vidonge 18 vya miligramu 5, ambavyo kwa dozi ya 7.5 vinanitosha usiku 12, kuanzia leo hadi Jumanne tarehe 30. Jumatano asubuhi nitakuwa kwenye benchi saa moja na nusu, na naomba siku hiyo nipewe ratiba iliyoandikwa.

Wako katika kutafuta afya,

Mama mstaafu wa reli,
Tabora.